Mdomo Wangu Katika Uso Wake

Nina swali moja tu, na nimeliuliza mpaka ulimi umeniota ukurutu: neno ni la nani? Ni la aliyelisema, au ni la yule ambaye mdomo wake ulikuwa wazi lilipotoka? Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, ndiyo maana naandika. Nakuandikia wewe, mwanamke mwenzangu, wewe uliyezaa, uliye na mtoto mtu mzima humo ndani, anakula chakula chako kimya huku anaitazama sahani. Soma hata kama maneno yangu yanakwenda upande. Shule niliachia darasa la saba, lakini kutapika hakufundishwi shuleni.

Katika mji wetu picha za sinema huja bubu. Nani anazipiga, hakuna ajuaye. Asubuhi unakuta boksi la bati mlangoni pa kibanda, ndani yake mna picha, na watu waliomo wanafumbua midomo na kuifumba, na hakisikiki kitu. Kwa hiyo mji una watia sauti. Mtia sauti hukaa kwenye stuli pembeni ya kitambaa cheupe, ameshika kipaza sauti, anawasemea wote: mzee, mtoto, mwizi, bibi harusi, hata mbuzi. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na tisa. Au labda arobaini, sijui, kwa sababu saa ya ukutani pale kibandani ina mshale mmoja tu, na huo nao hurudi nyuma watu wakikohoa. Kipaza sauti changu nimekifunga kipande cha khanga kuzuia mate. Siku moja kinuse. Kinanuka midomo ya watu wote niliowahi kuwasemea, na chini kabisa, kama dekio lililosahauliwa ndooni, kinanuka wangu.

Na sheria ya mji ni hii: kilichosemwa kibandani ndicho kilichotokea. Karani hukaa mlangoni na buku lake, anaandika nisemacho. Nikisema mwizi huyu ni mjomba aliyerudi safari, basi ni mjomba, na alasiri watu wanampelekea chai na vitumbua. Watu walinipenda kwa hilo. Niliwatengenezea dunia laini, haina mifupa, wakaimeza.

Siku boksi letu lilipofika, alilileta shemeji yangu Faki, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye mwanangu anamwita Ami Faki na mji mzima umeshika hivyo hivyo. Alikuja na dada yake, wifi yangu Riziki. Ami Faki ana tabia ya kuchokonoa meno kwa ulimi, ulimi unatembea ndani ya shavu kama kitu kilicholala na kugeuka. Akaweka boksi miguuni pangu.

"Haya Mize, la nyumba yetu hili."

"Limekuja lini?"

"Limekuja. Mwanao Vuai katimia thelathini hana mke, ulidhani tutasahauliwa? Mimi sasa nikienda barazani siwekewi kahawa, nawekewa maswali."

Wifi Riziki akacheka, akanipiga paja. "Lakini Mungu ana siri zake, wifi. Mtia sauti ni wewe. Tungempa mwengine si angesema anachokiona?"

Ndivyo ilivyo kwetu. Kijana akifika thelathini bila kuoa, picha yake huja, na ukoo hukaa kibandani kuitazama mpaka ifike harusini. Ikifika, mtia sauti humsemea kijana neno moja, "Nimekubali," karani anaandika, basi, ameoa. Kazi yangu ilikuwa kumfikisha Vuai kwenye neno hilo. Mwanangu wa pekee. Kama nisingelisema, ukoo ungetutema sote wawili, na kutemwa na ukoo katika mji wetu ni kutemwa kweli: wanasimama mstari mlangoni kwako, mmoja mmoja, kila mtu na mate yake.

Picha ilikuwa ya taratibu. Nimetia sauti picha nyingi, za vita, za majini, za watu wanaoimba wakifa, lakini taratibu ile sijawahi kuiona. Vuai aliinua kikombe Jumatatu kikamfika mdomoni Alhamisi. Watoto waliingia kibandani wakatoka na ndevu. Watu wakasinzia, wakaamka, wakauliza, "Ameshakunywa?" wakajibiwa, "Bado."

Halafu akatokea mtu wa pili. Shaame, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Namjua. Amenishonea mimi mwenyewe magauni mawili, na mishono yake haifumuki. Katika picha, Shaame alikuwa anamshonea Vuai kifungo, na shati Vuai hakulivua, alikuwa amelivaa. Sindano iliingia, ikatoka. Siku nzima kuingia, siku nzima kutoka. Siku ya tano kifungo kikashika, ikabaki uzi kukatwa. Mkasi ulikuwa juu ya meza, sote tuliuona. Shaame akainamisha kichwa, akaukata uzi kwa meno, pale pale juu ya kifua cha mwanangu. Na Vuai, kwa taratibu ile ile, kama ya mgonjwa, akafumba macho.

Nikasikia watu wanameza mate.

Nitakwambia kweli. Nilichukia. Mate yakawa ya chumvi, mikono ikanata. Kumbe nilijua tangu ana miaka kumi na mbili, jinsi mama anavyojua ndani ya nyumba kuna panya aliyekufa, anachoma udi tu. Miaka kumi na minane nilichoma udi. Nikadhani kinyaa kile ni cha Vuai. Hilo ndilo kosa letu, mwenzangu: tumbo likichafuka tunamtazama aliyesimama mbele yetu, hatukitazami tulichokila.

"Mize!" Ami Faki akaninong'oneza, ulimi umesimama shavuni. "Watu wanangoja."

Nikaleta kipaza sauti mdomoni. Nikamtilia Shaame sauti nene, ya kiume, ya utani: "Binamu, simama vizuri bwana, unakwenda kuposa leo, utakwenda na shati halina kifungo?" Nikamtilia Vuai kicheko. "Nina haraka, binamu, kwao wananingoja!"

Watu wakapumua. Bibi mmoja mbele akasema, "Masha Allah, ndugu wanapendana." Karani akaandika: binamu. Na macho ya mwanangu bado yalikuwa yamefumba pale kitambaani, makubwa kama milango, na kicheko changu kinatoka katika uso usiocheka. Sijui kama umewahi kuona uso uliotiwa kicheko kwa nguvu. Unafanana na nyama inayorukaruka baada ya kuchinjwa.

*

Wiki zikapita, au mwaka. Picha ikafika kwenye kusingwa.

Bwana harusi kwetu husingwa siku nne na shangazi zake. Singo ya liwa na karafuu na maji ya mawaridi, mwili unasuguliwa mpaka ung'are. Katika picha, Vuai alikaa juu ya mkeka na kikoi kiunoni, na Riziki na wenzake watatu wakamzunguka na kuanza. Na Riziki huyo huyo alikuwa kibandani safu ya mbele, anajitazama, anakula visheti.

Wakasugua. Kwa taratibu ile, kila mkono ulishuka kama mlango wa ghala. Ikaanza kutoka taka, zile za kijivu, zinazojiviringa kama funza. Kila mtu huzitoa, mimi na wewe pia. Lakini wale waliziokota moja moja, wakaziweka kwenye sahani.

"Hiyo ndiyo tabia," Riziki akasema kwa sauti pale kwenye benchi, kinywa kimejaa. "Inatoka hiyo. Nilisema mimi, mtoto asuguliwe tu."

"Itoke yote," mwengine akasema.

Wakaendelea. Taka zikaisha, ikaanza kutoka ngozi. Kifua kikawa chekundu. Walikuwa wanapasugua pale pale, mahali pa kifungo. Halafu, sielewi hata leo imewezekanaje, ile sahani ikatoka kwenye picha, ikawa kibandani. Ikapitishwa mkono kwa mkono, benchi hadi benchi, kama sahani ya tende. Kila mtu akaichungulia, kila mtu akanusa. Ami Faki alichovya kidole, akakifikicha na kidole gumba, akatikisa kichwa kama mtu anayechagua unga sokoni. "Imetoka nyingi," akasema. "Alhamdulillahi." Halafu kwa vidole hivyo hivyo akachukua kisheti.

Hapo ndipo kinyaa changu kilipohama. Nilikiona kabisa kinahama, kinamwacha Vuai, kinavuka mabenchi. Nikawaona wale watu wangu, ndugu zangu wa ndoa, wenye midevu na mabuibui na tasbihi, wamekaa kama mezani, wanamla mtu. Hawana njaa, nao wanakula. Ni desturi. Na mkono wangu je? Ulikuwa kwenye kipaza sauti. Katika picha Vuai alikuwa anafumbua mdomo kwa maumivu, na mimi nilikuwa nasema, kwa sauti nyororo, sauti ya mtoto mzuri: "Ahsanteni shangazi zangu. Sugueni, sugueni tu, najisikia mwepesi."

*

Siku moja adhuhuri, kibanda kitupu, watu wamekwenda kuswali, Vuai mwenyewe alikuja. Hakuja kwa picha, alipita mlangoni na viatu vyake. Akakaa juu ya kreti karibu na stuli yangu. Shati lile lile. Kifungo kipo.

Nikazima kipaza sauti. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa hakuna mtu. Hakuna karani. Sema na mimi. Sema unachotaka, mama yako nasikiliza."

Akafumbua mdomo. Ikatoka sauti yangu.

"Nina furaha sana, mama. Nashukuru kwa yote mliyonifanyia." Sauti yangu mimi, ile ya kazini, nyororo, na kikohozi changu kidogo mwishoni.

"Acha mchezo, Vuai."

"Nina haraka, wananingoja," akasema kwa sauti yangu, na machozi yanamtoka. Akashika koo. Akajaribu tena, mishipa imesimama shingoni kama mtu anayenyanyua gunia, ikatoka tena mimi, mimi, mimi, na utani wangu, na kicheko changu cha binamu. Nikamziba mdomo kwa kiganja. Sauti ikaendelea kunipitia vidoleni, ya moto, ina harufu ya khanga ile.

Wewe uliye na mtoto, tafakari. Kumtazama mtoto wako na kuona umemjaa mpaka kooni. Nilimnyonyesha miaka miwili, hakuna kitu kitamu kama kumjaza mtoto. Lakini hakuna aliyeniambia kuna siku ya kuacha kujaza. Niliendelea tu, nikamimina, mpaka yeye mwenyewe akakosa pa kukaa ndani ya mwili wake, akatoka nje akasimama kando kama mgeni.

Aliondoka. Ningemfuata. Sikumfuata. Watu walikuwa wanarudi kutoka msikitini, na mimi niliona aibu wanikute nalia.

*

Kabla ya harusi alinijia Zuwena, msichana waliyemchagulia. Mwalimu wa chekechea, mrefu, mwenye maneno machache, hina imempanda mpaka viwiko. Hakuzunguka maneno.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye unayemsemea?"

"Marahaba mwanangu. Ndiye."

"Nataka kukuuliza, na usione vibaya. Yeye mwenyewe amewahi kulitaja jina langu?"

"Anakutaja kila saa, mama! Zuwena asubuhi, Zuwena jioni. Tumechoka sisi."

Akaitazama midomo yangu inavyokwenda, kama anavyowatazama watoto wake wakisema hawakuila kalamu.

"Basi na mimi nitasemewa hivyo hivyo?" akauliza. "Maisha yangu yote? Nitalala na mtu, na anayesema ni mama mkwe?"

"Utazoea."

Nilisema hivyo. Neno hilo nililitema juu ya msichana wa watu, mbichi, na hina yake haijakauka.

*

Picha ikafika harusini siku ya Jumatano. Kibanda kilijaa mpaka juu ya mabati. Pilau ilikuwa inaiva nje, na moshi uliingia. Zuwena aliwekwa upande wa wanawake, amefunikwa. Katika kitambaa, Vuai alikuwa amekaa mbele ya kadhi, kilemba kimemlemea, mkono wake umo ndani ya mkono wa baba wa Zuwena.

Kadhi akafumbua mdomo. Nikamtilia sauti: "Vuai, nakuozesha Zuwena kwa mahari mliyokubaliana. Umekubali?"

Swali nimeuliza mimi. Jibu linangojwa kwangu. Uliza kisha ujijibu, hiyo ndiyo kazi, na humo ndani yumo mtu.

Mdomo wa Vuai ukaanza kufumbuka, kwa taratibu ile ile. Alasiri ikapita, midomo ndiyo kwanza inaachana. Watu wakaanza kuhema kwa pamoja.

"Sema, Mize," akasema Ami Faki.

"Mdomo wake bado haujafumbuka."

"Sema! Pilau inaungua!"

"Wifi, utatutia aibu," Riziki naye, na kucha zake mgongoni kwangu. "Mimi sitasimama mstari kukutemea mate wewe, nitakuja na ndoo."

Sharti la kwanza la mtia sauti ni kungoja mdomo. Hata mwanagenzi anajua: usiseme kabla mtu hajafumbua, utasemea hewa. Miaka yote ile sikuwahi kukosea. Siku ile nilikosea kwa mwanangu. Mdomo umefumbuka nusu, mimi nikasema:

"Nimekubali."

Vigelegele. Karani akaandika, nikasikia kalamu inakwaruza. Watu wakamiminika nje kwenye masinia, wanasukumana. Na mle kitambaani mdomo wa Vuai ukaendelea kufumbuka. Neno lilikwishasemwa, limeandikwa, linashangiliwa, na mdomo bado unafumbuka. Ukapita kipimo cha neno. Ukapita kipimo cha ukelele. Wachache waliobaki wakageuka.

Alikuwa anatapika.

Matapishi yakatoka taratibu. Siku nzima yakatoka, juu ya mkono wa baba mkwe, juu ya kanzu nyeupe, nusura juu ya msahafu, uliovutwa haraka ukawahiwa. Visheti vyao, udi wangu, zile taka za sahani, maziwa. Maziwa, Mungu wangu, meupe vile vile, ya miaka thelathini. Watu wakarudi na mikono ya mafuta, wakasimama. Wengine wakaziba pua, kwa sababu kwa mara ya kwanza picha ilinuka.

"Tia sauti!" Ami Faki akapiga kelele. "Sema amekula kitu kibaya! Sema ni furaha!"

Nikakileta kipaza sauti karibu. Ile harufu ya khanga ikanipanda kichwani, na nilijua maneno yote ya kusema, yalikuwa yamejipanga ulimini, manyororo. Nikakiteremsha. Siyo ushujaa, usinisifu. Ni kichefuchefu tu. Nilikuwa nimeikinai sauti yangu mwenyewe.

Aliyekichukua ni Zuwena. Alivua mtandio, akapita katikati ya mabenchi, akakitoa mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akakifungua ile khanga, akaitupa chini. Akakielekea kitambaa.

"Vuai," akasema. "Mimi Zuwena. Sikujui na wewe hunijui. Nakuuliza wewe. Umekubali?"

Na ile picha, iliyokuwa inakwenda kama usaha, ikaanza kwenda mwendo wa watu. Vuai akajipangusa mdomo kwa kilemba. Akainua uso.

"Hapana," akasema. "Nisamehe. Na wewe, kuna aliyekuuliza?"

"Hakuna."

"Wewe je, umekubali?"

"Hapana," Zuwena akasema, na akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

Ami Faki akamkimbilia karani. "Futa! Usiandike hiyo!" Karani akasema la kwanza limo na haya nayo yamo, yeye anaandika kilichosemwa. Riziki akazirai, au alijifanya amezirai, chini ya benchi. Nje pilau iliyobaki sufuriani iliungua kweli. Vuai akavua kilemba, akakiweka chini kwa adabu, akasimama, akatembea kuelekea ukingo wa kitambaa, ule ukingo wa upande wa pili ambao hauna mlango wa kuja kwetu, na akapita. Kilichobaki ni weupe.

Sasa nikwambie jambo, na kwa hili tu ndilo nimekaa nikaandika kurasa zote hizi. Ile "hapana" iliposikika, na yale maneno yaliyofuata, ilikuwa sauti ya mtu mzima, nzito kidogo, ina mkwaruzo, inavuta maneno ya mwisho. Sauti nzuri. Ningeipita sokoni nisingegeuka. Ingeniita mama nyuma ya mlango, nisingefungua. Nilikaa kwenye stuli yangu, mikono mitupu, nikamshika mkono bibi aliyekuwa karibu, yule wa safu ya mbele, nikamuuliza, nikiwa sina mzaha hata chembe:

"Bibi, nani huyo anazungumza?"